Chemchemi Imezinduliwa: Nani Ataitunza?

Ndugu wasomaji, katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya magonjwa na namna ya kujikinga nayo. Mwezi huu tunazungumza juu ya wale wanaojitolea kuwakinga wenzao, yaani vikundi vya kujitolea vya parokia zetu. Huenda kwenu ni akina mama wa WAWATA, huenda ni vijana wa VIWAWA, huenda ni jumuiya moja iliyoamua kufanya usafi kwenye zahanati. Nia ni njema, wala hatuna shaka nayo. Lakini nia njema bila mpango yaweza kuleta hasara. Sisi wenyewe tulijifunza hilo kwa aibu, na tumeona ni vema tuwasimulie ili msirudie kosa letu.

YALIYOTUPATA

Miaka michache iliyopita kikundi chetu cha afya kiliamua kuijengea chemchemi moja iliyoko bondeni, katika kigango cha mbali kidogo na parokia. Maji yalitoka chini ya jiwe na kukusanyika kwenye dimbwi. Watu walichota kwa kata, na mbuzi wakanywa hapo hapo. Tulichangishana baada ya Misa kwa Jumapili nne, tukanunua saruji na bomba, tukamwita fundi mwashi, na kwa Jumamosi mbili kazi ikaisha. Siku ya uzinduzi palikuwa na kwaya, pilau na picha. Tulirudi nyumbani tumefurahi.

Mwaka uliofuata, masika yalipokolea, tulipata habari kwamba watoto wa kigango kile wanaharisha. Mmoja wao, wa miaka miwili, alilazwa siku nne akiongezewa maji kwa njia ya mshipa. Kwa neema ya Mungu alipona. Tulipokwenda kuangalia, tulikuta uzio wa miti umekwisha kuwa kuni. Bomba lilikuwa likitoa maji kidogo kidogo kwa sababu ya matope, na mtu alikuwa amebomoa ukuta kwa juu ili apate kuchota kwa ndoo. Maji ya mvua yaliyopita kwenye mazizi ya mlimani yalikuwa yakiingia moja kwa moja kwenye tundu lile. Hatuwezi kuapa kwamba maji yale ndiyo yaliyowaletea ugonjwa watoto wote. Lakini kati yetu hakuna aliyekuwa tayari kuyanywa.

Bibi mmoja mwenye nyumba jirani alitupokea. Tulimwamkia, akaitikia, akatukaribisha kuketi, kisha akasema: "Wanangu, mngeniuliza mapema ningewaambia. Masika maji yote ya mlimani hupita hapa. Tangu nilipoolewa katika kijiji hiki naona hivyo." Tukamuuliza kwa nini hakuna aliyezibua bomba. Akajibu: "Tulijua ni mali ya parokia. Tulikuwa tunawangoja ninyi."

Hapo tukayaona makosa yetu mawili. Kabla ya kazi hatukuwauliza wenyeji. Baada ya kazi hatukuwakabidhi.

SI SISI TU

Kosa hili ni la zamani, na limewapata wakubwa kuliko sisi. Mwaka 1971 Serikali ya Tanzania ilianza mpango wa miaka 20 wa kuwapatia watu wote wa vijijini maji safi karibu na makazi yao ifikapo mwaka 1991. Visima na mabomba mengi yalijengwa, lakini lengo halikufikiwa. Moja ya sababu ni kwamba mitambo mingi iliharibika, na wanakijiji waliokuwa wakiitumia hawakuwa na fedha, vipuri wala madaraka ya kuitengeneza. Ndiyo maana Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilisisitiza kwamba wananchi washiriki kupanga miradi yao ya maji, waimiliki, na wachangie gharama za kuiendesha.

Tunao pia mfano mzuri. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi, wakasikiliza vipindi vya redio, wakasoma vijitabu na kujadiliana. Kisha kila kikundi kikaamua chenyewe kitafanya nini: kuchimba vyoo, kufyeka majani, kufukia madimbwi ya mbu. Vyoo vingi sana vilichimbwa. Hawakuchimbiwa na wageni. Walichimba wenyewe, kwa sababu walikwisha kuelewa faida yake.

Basi tulirudi kwenye kigango kile na kuanza upya. Hatua tulizofuata ni hizi. Zinafaa kwa chemchemi, na kwa sehemu kubwa zinafaa pia kwa choo cha shule, usafi wa soko, au kazi ya kuwatembelea wagonjwa majumbani.

HATUA YA KWANZA: ULIZENI

Safari hii hatukuchangisha hata senti kwa mwezi mzima. Tulikwenda nyumba kwa nyumba, wawili wawili, tukauliza maswali machache. Masika mnachota maji wapi? Na kiangazi? Nani huchota, na saa ngapi? Ni jambo gani la afya linalowasumbua zaidi?

Msitegemee mkutano wa hadhara peke yake. Mkutanoni wanaosema sana ni wanaume, lakini wanaochota maji ni akina mama na watoto. Nendeni pia kwenye zahanati, mkamwombe mganga au muuguzi awaambie ni watoto wangapi wa chini ya miaka mitano waliletwa kwa kuharisha kila mwezi. Ombeni hesabu tu. Majina ya wagonjwa ni siri yao.

Kwa kuuliza tulipata jambo ambalo hatukulifikiria. Ukuta haukubomolewa kwa ukorofi. Ulibomolewa na watu waliochoka kupanga foleni alfajiri kwenye bomba moja lililokuwa likitoa maji kidogo.

HATUA YA PILI: PIMENI

Maneno ya watu yafuatwe na vipimo. Mwishoni mwa kiangazi, maji yanapokuwa machache kuliko wakati wote, tulikinga dumu la lita 20 na kutazama saa. Lilijaa kwa sekunde 40, yaani lita 30 kwa dakika. Nyumba zilikuwa 60, na kila nyumba tulihesabu watu 5, jumla watu 300. Kwa lita 20 kila mtu kwa siku, mahitaji ni lita 6,000. Chemchemi ile inatoa kiasi hicho kwa dakika 200, yaani saa 3 na dakika 20.

Kwa hiyo maji yalitosha. Shida ilikuwa kwamba wote walikuja saa moja, na maji ya usiku yalikuwa yakipotea bure. Tangi la lita 3,000 lingejaa kwa dakika 100 watu wakiwa wamelala, na koki mbili zingepunguza foleni. Tusingepima, tungejenga tena kile kile kilichobomolewa.

HATUA YA TATU: CHAGUENI JAMBO MOJA

Wenyeji walitaja mambo mengi: maji, choo cha shule, daraja, dawa za zahanati. Kikundi kinachokamata yote huyaangusha yote. Kwa kila jambo jiulizeni maswali matatu. Je, linawaumiza watu wangapi? Je, sisi na wenyeji tunaweza kulimaliza kwa nguvu tulizo nazo? Je, nani atalitunza tukishaondoka? Kama swali la tatu halina jibu, msianze.

HATUA YA NNE: RUHUSA NA USHAURI

Nendeni kwa serikali ya kijiji kabla ya kununua chochote. Mwenye shamba lililo na chemchemi akubali kwa maandishi, mbele ya mashahidi, ili asije mrithi akaifunga njia. Mwiteni bwana afya aone mahali penyewe. Kwa Tanzania, tangu mwaka 2019 huduma ya maji vijijini inasimamiwa na Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, na watumiaji wa maji huunda chombo chao cha kusimamia mradi. Ombeni ushauri wa mtaalamu wao, na ombeni maji yapimwe. Msione haya kuuliza. Sisi mara ya kwanza tuliona tunajua, na mmekwisha kusikia matokeo yake.

HATUA YA TANO: MPANGO WA KARATASI MOJA

Andikeni mpango unaoenea katika karatasi moja: tutafanya nini, nani atafanya, lini, kwa vifaa gani, na kwa fedha gani. Ubandikeni mahali ambapo kila mtu ataweza kuusoma.

Juu ya fedha tuwe wazi, maana vikundi vingi huvunjika hapo. Mshika fedha asiwe ndiye mnunuzi. Fedha itolewe kwa sahihi za watu wawili. Kila kitu kiwe na risiti, na hesabu isomwe mbele ya wachangiaji kila mwezi, hata kama ni ndogo. Mawe, mchanga na siku za kazi zinazotolewa na wenyeji ziandikwe pia kama mchango, kwa sababu mtu hulinda kile alichokitolea jasho. Sisi tuliamua kwamba katika kila shilingi 10 tutakazokusanya, shilingi 2 zitawekwa kando kwa ajili ya matengenezo. Hizo haziguswi wakati wa ujenzi, wala hazinunui pilau.

HATUA YA SITA: SIKU YA KAZI

Gawanyeni kazi kabla ya siku yenyewe, ili watu 40 wasije wakagombea majembe 6. Mmoja awe msimamizi, mmoja aandike mahudhurio, mmoja awe na sanduku la huduma ya kwanza. Watoto wakae mbali na shimo. Pawepo maji ya kunywa na uji.

Kwa wanaojengea chemchemi, mambo haya yasisahaulike:

1. Chimbeni mpaka kwenye jicho lenyewe, mahali maji yanapotoka kwenye udongo mgumu au mwamba. Msiyalazimishe maji kupanda juu kuliko jicho hilo. Yakizuiwa hutafuta njia nyingine na chemchemi yaweza kuhama. Tangi likae chini ya jicho, na liwe na bomba la kutolea maji yanayozidi.

2. Jazeni mawe safi na kokoto mbele ya jicho, kisha funikeni juu kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa vizuri, ili maji ya mvua yasipenye.

3. Upande wa juu chimbeni mtaro wa kuyapeleka pembeni maji ya mvua. Huu ndio mtaro ambao bibi yule angetuambia habari zake.

4. Koki iwe juu kiasi cha ndoo kuingia chini yake. Chini pasakafiwe, na pawe na mfereji wa kuondoa maji yanayomwagika.

5. Wekeni uzio. Upande wa juu, karibu na chemchemi, pasiwe na choo, zizi wala shamba la kutiwa dawa. Choo kisiwe karibu kuliko meta 30, na ni afadhali kiwe upande wa chini. Mifugo wajengewe birika lao chini zaidi.

ELIMU IENDE PAMOJA NA SARUJI

Maji yaliyotoka safi bombani huweza kuchafuka kabla ya kufika mdomoni. Kwa hiyo, wakati mafundi wakijenga, wengine wetu tulikaa na akina mama na akina baba wa kigango kuzungumzia usafi wa nyumbani.

Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote, yapoe yakiwa yamefunikwa, na yawekwe kwenye chombo chenye mfuniko. Yachotwe kwa kata yenye mpini mrefu au yamiminwe, bila kutumbukiza mkono. Kila nyumba iwe na kibuyu chirizi karibu na choo: dumu dogo lililotobolewa na kuning'inizwa, likivutwa kwa kamba inayokanyagwa kwa mguu, na sabuni ikiwa pembeni. Kunawa kwa sabuni baada ya kutoka chooni, baada ya kumsafisha mtoto, na kabla ya kupika na kula, hupunguza ugonjwa wa kuharisha kwa karibu theluthi moja.

Mtoto akianza kuharisha, apewe mara moja maji ya chumvichumvi yaliyotengenezwa kwa pakiti za zahanati. Kama pakiti hazipatikani, chukueni lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, tieni sukari vijiko vya chai 6 vilivyosawazishwa, na chumvi nusu kijiko cha chai. Msizidishe chumvi. Mtoto aendelee kunyonya na kula. Zahanati itampa pia vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14. Avimalize vyote hata kama kuharisha kumekoma. Akilegea, macho yakididimia, akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, au kukiwa na damu kwenye choo chake, mkimbizeni hospitali.

HATUA YA SABA: KABIDHINI

Hapa ndipo tuliposhindwa mara ya kwanza. Safari ya pili, kabla ya koki kufungwa, wenyeji walichagua kamati yao ya watu saba, wanne wakiwa akina mama. Bibi yule alikuwa mmoja wao. Vijana wawili wa pale pale walifanya kazi bega kwa bega na fundi mpaka wakajua kubadilisha koki na kuzibua bomba, na spana tuliwaachia wao.

Kamati ilipanga ratiba. Kila wiki, kufagia na kuzibua mfereji. Kila mwezi, kuangalia uzio, koki na mfuniko wa tangi. Kabla ya masika, kuzibua mtaro wa juu na kusafisha tangi. Kila nyumba inatoa mchango mdogo waliokubaliana wenyewe, na wazee wasiojiweza wamesamehewa. Siku ya makabidhiano ilisomwa hati mbele ya mwenyekiti wa kijiji: mradi huu ni mali ya wananchi wa hapa. Kikundi cha parokia kilikuwa msaidizi.

HATUA YA NANE: RUDINI MKAANGALIE

Tulipanga kurudi baada ya mwezi 1, miezi 3, miezi 6 na mwaka 1, bila kwaya wala picha. Tulibeba orodha fupi. Je, maji yanatoka? Uzio upo? Nyumba ngapi zina kibuyu chirizi chenye maji na sabuni? Zahanati imewaona watoto wangapi? Mkilinganisha hesabu za zahanati, linganisheni miezi ile ile: masika na masika, kiangazi na kiangazi. Mkilinganisha masika na kiangazi mtajidanganya, kwa kuwa kuharisha hupanda na kushuka pamoja na majira.

Tena mwatunze wanaojitolea. Mtu mmoja akibebeshwa kila kazi, mwaka wa pili hamtamwona. Badilishaneni zamu, shukuruni hadharani, na viongozi waachie nafasi muda wao unapokwisha.

TULICHOKIKUTA

Masika yaliyofuata maji ya mlimani yalipita kwenye mtaro. Tulipofika kwa ukaguzi wa miezi 6 tuliona koki moja ni mpya, si ile tuliyoifunga. Tukauliza. Vijana wakatuambia ya kwanza ilivunjika wiki mbili nyuma, kamati ikatoa fedha, wakanunua nyingine na kuifunga siku iyo hiyo. Tukawauliza kwa nini hawakutuletea habari. Wakashangaa, wakasema: "Tuwaletee ya nini? Koki ni yetu."

Ndugu wasomaji, siku ile hakukuwa na sherehe. Lakini sisi tunaihesabu kuwa ndiyo siku ya uzinduzi wa kweli.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Taja mradi mmoja uliojengwa hapa kwetu na sasa umekufa. Je, wenyeji waliulizwa kabla? Nani alikabidhiwa?

2. Katika eneo la jumuiya yetu, ni nani ajuaye njia ya maji ya masika, na tumewahi kumuuliza?

3. Ni nyumba ngapi katika jumuiya yetu zina mahali pa kunawia mikono penye sabuni? Hesabuni kabla ya mkutano ujao.

4. Kikundi chetu kina fedha kiasi gani iliyotengwa kwa matengenezo, na ni nani wanaoweka sahihi?